Fito Nane na Kiti cha Mbele

Shemasi Gathright alinikuta jikoni nikiwa nimeuma ncha ya mshipi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Dada Ozella, nimefuata zile seti za ndoano. Na ufunguo wa mashua yenu."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi ndiyo siku ambayo wavuvi wa kanisa letu hutoka ziwani kutafuta samaki wa Sikukuu ya Kurudi Nyumbani, pale watoto wetu wote waliohamia Memphis na Chicago wanapokuja kula kwenye uwanja wa kanisa. Hao ni watu mia tatu, na usiwaambie habari ya kuku. Wanataka krapi, yule samaki bapa mwenye madoadoa meusi na mdomo mwembamba kama karatasi, aliyekaangwa kwa unga wa mahindi, pembeni tambi na mkate mweupe wa kupangusia sahani.

Nikatoa mshipi mdomoni. "Seti hizo hapo kwenye boksi la viatu. Arobaini, za mashua tano. Ufunguo hautoki."

"Hautoki vipi?"

"Mashua itatoka na mimi ndani."

Akacheka kidogo, akavuta kiti bila kuambiwa. Gathright si mtu mbaya. Alimbeba mume wangu Hosea siku tulipomzika, upande wa kichwa, na mvua ilikuwa inanyesha. "Sawa basi," akasema. "Nyuma pana nafasi. Utashika wavu, utatia chambo. Mimi nitakaa mbele kama mwaka jana."

"Mbele nitakaa mimi."

Hapo hakucheka. Akaitazama kofia yake aliyoiweka gotini, kisha akanitazama mimi.

Ili mtu aelewe kwa nini hakucheka, ni lazima ajue kwetu tunavuaje. Hatutupi ndoano tukakaa kusubiri. Mashua inasukumwa polepole na mota ndogo ya umeme, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na mbele tunatandaza fito nane kwenye vishikio, nne kushoto, nne kulia, zimejipanga kama miguu ya buibui. Mishipi yote inaning'inia wima ndani ya maji. Aliyekaa mbele anaendesha mota kwa mguu, anazitazama ncha zote nane kwa pamoja, na ncha ikiinama hata upana wa ukucha ni juu yake kujua kama ni samaki, ni wimbi au ni kisiki. Aliyekaa nyuma anafanya anachoambiwa. Kwa miaka thelathini na mmoja Hosea alikaa mbele, mimi nyuma.

Lakini seti nilifunga mimi. Zote. Watu waliziita seti za Hosea, na yeye mwenyewe aliwaacha waziite hivyo. Ninazifunga hivi: kwanza kipete cha shaba chenye matundu matatu. Tundu la juu linapokea mshipi unaotoka kwenye ufito. Tundu la pembeni linapata mshipi mfupi wa shubiri moja na ndoano. Tundu la chini linapata mshipi mrefu kidogo, na katikati yake naweka chubwi la risasi lenye umbo la yai, nauzungusha mshipi mara nne ndani yake ili lisiteleze, kisha mwishoni kabisa ndoano ya pili. Ndoano ziwe za dhahabu, zile nyembamba. Ukinasa kisiki unavuta taratibu, inanyooka, inatoka, unaikunja tena kwa koleo unaendelea. Mwenye ndoano nene hushinda anakata mishipi na kutukana. Kila seti nikimaliza naizungusha kwenye kipande cha sponji, naandika uzito wa chubwi kwa kalamu.

"Dada Ozella," Shemasi akasema, "unaijua desturi. Kila mashua na ijaze. Watu wawili, samaki thelathini, kila mmoja atimize inchi kumi na mbili, saa nane mchana wawe mezani. Isiyojaza, aliyekaa mbele huhamia nyuma."

"Naijua. Nilikuwepo mlipoitunga. Mlikuwa mnakula kwangu."

"Basi usije ukasema sikukwambia. Ukikosa, mwakani mashua hiyo nitaikalia mbele mimi, na hakuna tena mazungumzo jikoni."

"Kunywa chai yako, Shemasi, inapoa."

Akainywa yote. Nikatoa nane zangu, nikampa boksi, nikamwonyesha na kopo lenye seti nyingine. "Redio inasema Jumamosi mchana kutakuwa na upepo. Hizi chubwi zake ni za wakia moja, upepo hauzilazi. Chukua."

"Hosea alitumia nusu wakia siku zote."

"Hosea alitumia nilichomtia mkononi."

Hakuchukua. Kopo likabaki kwangu.

Jioni nikampigia simu wifi yangu Earlean, dada yake Hosea, ambaye ana miaka sabini na mitatu na goti moja la chuma. Nikamwambia nataka mtu wa nyuma.

"Nyuma tu?" akasema. "Nikadhani unataka niendeshe."

"Unajua kuendesha?"

"Sijui. Lakini ungeniomba kwa heshima."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulishaiteremsha mashua majini. Kulikuwa na ukungu mwembamba, maji yametulia kama chai kwenye kikombe. Earlean alikuja na kapu la biskuti na soseji, mto wa kukalia, mwavuli na redio, na nikamwachia vyote isipokuwa redio. Mashua nyingine nne zilikuwa zinaondoka. Shemasi Gathright alipita karibu, amekaa mbele katika mashua ya mpwa wake, akagusa kofia.

"Asubuhi njema, akina mama. Mkichoka, mtupungie mkono."

"Na wewe ukizama utupungie!" Earlean akamjibu, na sauti yake ikafika ng'ambo ya pili.

Fito zangu zilikuwa mpya. Mwanangu Lavon alizinunua Memphis akaniletea siku ya Pasaka, nyepesi mno, ukiushika mmoja ni kama umeshika unyasi. Zile za zamani zilikuwa zimeniumiza bega. Nilifurahi nazo, nikazisifia kwa kila mtu, na sikuzitazama vizuri.

Nikazipanga zote nane. Mkono wangu unaijua kazi ile kuliko ninavyoijua mimi. Unamvisha kidagaa ndoano kupitia chini ya taya itokee juu ya pua, ili aendelee kupumua na kuogelea. Unauachia mshipi mpaka chubwi liguse kizungushio, kile kigurudumu cha mshipi kwenye mpini wa ufito, hapo unajua umetoa futi kumi na mbili kamili, kwa sababu ufito ni futi kumi na mbili. Hatupimi kwa rula. Ufito ndio rula. Kisha unauweka kwenye kishikio, unashika mwingine.

Skrini ya kifaa cha kutafutia samaki iliwaonyesha krapi wakiwa futi kumi na tatu, wamelala kwa makundi juu ya mkondo wa mto wa zamani uliofunikwa na ziwa. Vizuri kabisa. Krapi macho yake yanatazama juu. Ukipitisha chambo futi moja juu ya kichwa chake, anapanda kukifuata. Ukikipitisha chini yake, hata kama ni kidagaa cha Sulemani mwenyewe, hakioni.

Saa moja ikapita. Saa mbili. Ncha zangu nane zilisimama kama walinzi.

"Wifi," Earlean akasema, "samaki wako wamefunga?"

"Tulia."

"Mimi nimetulia. Nauliza tu. Maana Gathright kule anainua wavu kila nikigeuka. Huyo tena. Ona, huyo tena."

"Unamtazama Gathright au unazitazama ncha?"

"Ncha hazina kitu cha kutazama."

Nikabadili mwendo, nikapunguza. Nikaongeza. Nikavua vidagaa vya ndoano za juu nikaweka chambo cha manyoya ya rangi ya waridi, nikajaribu ya kijani. Saa tatu tukapata mmoja, mkubwa, na nadhani alikuwa mgonjwa wa akili. Saa nne tukapata wa pili. Saa nne na nusu mpwa wa Gathright akapiga honi mara tatu, maana yake wamejaza, nao wakapita kuelekea ufukweni. Shemasi akapunguza mota alipotufikia.

"Dada Ozella, mna wangapi?"

Earlean akaanza kusema, nikamwahi. "Wawili."

Akatikisa kichwa, na kwa kweli alionekana kutuhurumia, na hilo ndilo lililonichoma. "Njoo ufukweni ule kitu. Jua linaanza kuwa kali. Hakuna atakayekucheka."

"Nani kasema naogopa kuchekwa?"

"Kwa umri wetu, dada yangu, mtu anajua kusema imetosha."

"Wewe sema. Mimi bado."

Akaondoka. Earlean akafungua mwavuli wake.

"Tukikosa, utamwachia kweli kiti?" akaniuliza.

Wakati huohuo ncha mbili za kulia ziliinama kwa pamoja, nzito, bila kutikisika. Kisiki. Nikasimamisha mota, nikavuta taratibu, ndoano zikanyooka zikatoka. Nikazishika mkononi zimenyooka kama sindano, na nikageuka kutazama nchi kavu, mnara wa maji kushoto, paa jekundu la duka la chambo kulia. Nilijua tulipo. Kisiki kile nakijua. Walikata mti ule kabla ziwa halijajazwa, na juu yake pana futi kumi na tatu na nusu za maji wakati wa masika. Nimepita juu yake miaka yote na chubwi la futi kumi na mbili, wala hakijawahi kunishika.

"Earlean. Lala chini."

"Nini?"

"Lala ndani ya mashua. Unyooshe miguu."

"Ozella, mimi nina goti."

"Basi nitalala mimi. Weka ufito kando yangu, na hapo miguu yangu inapoishia weka kidole."

Mimi ni futi tano na inchi nne tangu nilipoolewa, pengine siku hizi nimepungua kidogo. Nikalala kati ya kisanduku cha barafu na ndoo ya vidagaa, sketi imelowa, wifi yangu akaweka kidole, nikasogea, akaweka tena. Kwa zile fito za zamani ningeingia mara mbili na robo. Kwa huu niliingia mara mbili na nusu na zaidi.

Futi kumi na nne! Lavon, mwanangu mpenzi, alininunulia fito za futi kumi na nne, na mimi nikapima kwa mkono wa zamani. Tangu asubuhi nilikuwa napitisha chakula chini ya matumbo yao.

Earlean alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua. "Mwanamke kafunga seti miaka thelathini, kashindwa na ufito!"

"Cheka huku unazikunja ndoano hizo."

Tukaivuta mishipi yote minane, tukapunguza futi mbili kwa kila mmoja. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kila ufito, futi mbili kutoka kizungushio, ili chubwi sasa liishie hapo. Ilikuwa saa tano kasoro. Nikabonyeza mota kwa mguu.

Hatukwenda hata urefu wa uwanja wa kanisa. Ncha ya pili kushoto ikainama, ya nne ikafuata, kisha ile ya pembeni kabisa ikazama mpaka majini.

"Wavu!"

"Nimeushika! Yupi kwanza?"

"Wa pembeni! Usimwinue kwa mshipi, mdomo utachanika. Mpitie chini. Chini, Earlean!"

"Nipo chini! Ningekuwa chini zaidi ningekuwa majini!"

Wakaja. Wazito, migongo minene, madume meusi shingoni kama wamevaa suti. Kumi na moja ndani ya saa moja. Earlean alitia chambo, akavua samaki, akawapima kwenye ubao, akawataja kwa sauti, huku akiimba kati ya samaki na samaki. Mara mbili mishipi ilijipota kwa sababu nilikata kona ghafla, na mara mbili niliifungua badala ya kuikata, ingawa vidole vyangu asubuhi hiyo vilikuwa vinauma.

Saa sita na nusu upepo ukafika, kama redio ilivyosema. Ulitoka kusini, ukakwangua ziwa lote, na mishipi yangu ikaanza kulala nyuma kwa mshazari. Mshipi ukilala, chambo kinapanda, na futi zako zote ulizopima ni uongo. Mashua moja baada ya nyingine zilishaondoka zimejaza.

"Twende," Earlean akasema, na safari hii hakutania. "Mawimbi yanaingia."

"Tuna wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Nipe lile kopo."

Nikageuza pua ya mashua ielekee kwenye upepo, nikamwambia anishikilie tu usukani wa mota kubwa ya nyuma, nami nikapiga magoti pale mbele nikabadili seti zote nane, moja baada ya nyingine, za nusu wakia nikatoa, za wakia moja nikaweka. Maji yalinirukia usoni. Niliyalowesha mafundo kwa ulimi kama ninavyofanya jikoni. Nilipoachia wa nane, mishipi ilisimama wima tena, na mimi nikaketi kwenye kile kiti cha Hosea, niseme kile kiti changu, nikatazama ncha.

Ishirini na tatu. Ishirini na sita. Saa saba na nusu tulikuwa na ishirini na tisa. Kisha akaja mmoja akapigana vizuri, Earlean akamweka kwenye ubao. Inchi kumi na moja na nusu.

Tulimtazama sote wawili. Earlean akambana mkia kwa vidole viwili. "Ukimvuta kidogo hapa..."

"Mrudishe."

"Nusu inchi, Ozella! Nani atapima?"

"Nimekwisha kumpima mimi. Mrudishe."

Akamrudisha, na akanitukana kwa jina la shangazi yangu, yule mkaidi.

Hatukupata mwingine. Saa nane kasoro dakika mbili tulipanda ufukweni tumelowa, na wanaume wote walikuwa kwenye banda la kusafishia samaki, visu mkononi, mafuta yameanza kuchemka kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya kuonja. Tukabeba kisanduku sisi wawili, hakuna aliyetusaidia kwa sababu tulikataa. Shemasi Gathright akawapanga mezani mwenyewe, akawahesabu. Akawahesabu tena.

"Ishirini na tisa," akasema. Alisema polepole, kama anayesoma barua yenye habari ya msiba. "Dada Ozella, ni kazi kubwa. Kila mtu hapa aseme ni kazi kubwa."

Wakasema.

"Lakini desturi ni desturi. Umekosa mmoja."

"Nimekosa mmoja," nikasema. "Na nimepoteza asubuhi nzima kwa kosa langu, sikuzipima fito zangu. Hilo ni langu, sina wa kumsukumia. Na kiti sihami."

"Haiwezi kuwa hivyo."

"Mwaka wa mafuriko Hosea alileta kumi na mmoja. Nawajua, niliwakaanga mimi, na hawakutosha hata meza ya wachungaji. Nani alimhamisha nyuma?"

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye sufuria. Mzee Purvis, ambaye ndiye mkubwa wetu wote, akafuta kisu kwenye suruali. "Kumi na mmoja," akasema. "Kweli. Nilikuwepo. Tulisema ni maji."

"Mlisema ni maji. Leo ulikuwa upepo. Au upepo hauwahusu wanawake?"

"Hosea alikuwa Hosea," Shemasi akasema.

"Na mimi ndiye niliyekaa nyuma yake nikimwambia ncha ipi imeinama, maana macho yake yalikufa miaka sita kabla yake, na nyote mlijua, na hamkumhamisha kwa hilo pia. Vizuri mlivyofanya. Sasa nifanyieni mimi vilevile, au msinifanyie. Kiti sihami, Shemasi. Mwakani nitakikalia, na mwaka utakaofuata, na siku nikishindwa kupanda mashuani nitawaambia mwenyewe."

Gathright akachukua chaki. Nyuma yake kuna ubao mweusi uliotolewa kwenye darasa la Jumapili, na huo ndio hupata majina ya waliokaa mbele kila mwaka na idadi ya samaki wao, ukae hapo hadi masika mengine. Majina manne yalishaandikwa. Chaki ilikuwa mkononi mwake, na hakuipeleka popote.

Nikaichukua. Hakuishikilia, na hilo namshukuru, kwa sababu ningeivunja. Mwandiko wangu ni wa darasa la sita lakini unasomeka. Nikaandika OZELLA PITTMAN, na mbele yake nikaandika 29, kubwa, nikaipitia ile tisa mara mbili ili ionekane toka barabarani.

"Na mimi je?" Earlean akauliza. Alikuwa ameshaketi kwenye ndoo, mguu wenye goti la chuma ameunyoosha, kipande cha samaki cha kuonja kinamchoma vidole.

"Wewe ulikuwa nyuma. Ubao ni wa walio mbele."

"Andika, Ozella. Au nitasimama nije niandike mwenyewe, na mimi herufi zangu ni mbaya."

Mzee Purvis akaanza kucheka, kisha mpwa wa Gathright. Nikamwandika, chini ya jina langu. Shemasi akausoma ubao, halafu akashika kisu, akavuta samaki wangu wa kwanza kati ya wale ishirini na tisa, akaanza kumpasua.